Uturuki: Adabu na mila ambazo mgeni hana budi kuzifahamu

Na Mwandishi Wetu

UTURUKI imekuwa miongoni mwa nchi ambazo wakazi wa Afrika Mashariki huzitembelea kwa wingi kwa ajili ya biashara, masomo na matibabu. Ndege za shirika la nchi hiyo hutua Dar es Salaam, Nairobi, Entebbe na Kigali, na wafanyabiashara wa nguo wanaijua mitaa ya Laleli na Merter mjini Istanbul kama wanavyoijua Kariakoo. Kwa upande mwingine, wahandisi Waturuki wa kampuni ya Yapı Merkezi walianza mwaka 2017 kujenga reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro, hivyo wapo Watanzania wengi waliofanya kazi bega kwa bega na Waturuki bila hata kuvuka mpaka.

Mgeni wa kutoka pwani yetu anapofika huko huona mengi yanayomkumbusha nyumbani. Viatu huachwa mlangoni, mkubwa huamkiwa kwanza, mgeni hulishwa hata kama hakuja na njaa. Hata hivyo, kufanana huko ndiko kunakowaponza wengi. Ipo ishara ambayo kwetu ni "ndiyo" na kwao ni "hapana". Lipo neno la pole ambalo likitamkwa msibani huwa kosa. Na yapo maneno ambayo kwetu yangepita kama utani wa kijiweni, lakini huko humfikisha mtu mahakamani.

Kabla ya kuendelea, msomaji akumbuke kuwa katika maandishi ya Kituruki herufi ç husomwa "ch", ş husomwa "sh" na c husomwa "j". Herufi ğ karibu haisikiki. Hurefusha tu irabu iliyoitangulia.

Majina na salamu

Kwa Mturuki, jina linaloitwa kwa heshima ni la kwanza, si la ukoo. Mwanamume huitwa Mehmet Bey, na mwanamke huitwa Ayşe Hanım, yaani neno la heshima hufuata jina badala ya kulitangulia. Sababu mojawapo ni ya kihistoria: hadi ilipopitishwa sheria ya majina ya ukoo mwaka 1934, Waturuki wengi hawakuwa na majina hayo kabisa. Mgeni anayemwita mwenzake kwa jina la ukoo, kama afanyavyo Ulaya, hueleweka, lakini husikika kama karani anayesoma orodha.

Kwa mtu asiyejulikana jina, hutumika majina ya undugu, na hapa Mswahili yuko nyumbani. Abi ni kaka mkubwa, abla ni dada mkubwa, amca ni baba mdogo au mkubwa, na teyze ni mama mdogo au mkubwa. Dereva wa teksi ni abi hata kama hamjawahi kuonana. Mwalimu, na siku hizi karibu mtu yeyote msomi, huitwa hocam. Mgeni ajiepushe na teyze kwa mwanamke ambaye bado anajiona kijana; abla ni salama zaidi.

Tukiwa hapo hapo, lipo neno moja la Kituruki ambalo kila askari wa Tanzania na Kenya hulitamka kila siku bila kujua asili yake. "Afande" limetokana na efendi, lililoletwa na askari wa Misri na Sudani waliokuwa wakitumia vyeo vya jeshi la Dola ya Osmania. Huko lilikotoka, efendim leo ni jibu la anayepokea simu, au la mtu ambaye hakusikia vizuri alichoambiwa.

Kupeana mikono ni kawaida. Wanaume waliozoeana, na wanawake vilevile, hugusanisha mashavu pande zote mbili. Mwanamume asimwahi mwanamke mkono. Angoje yeye autoe. Akiweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo, basi salamu imekamilika na hakuna aliyedharauliwa.

Wazee hubusiwa mkono wa kulia, kisha mkono huo huo huguswa kwenye paji la uso la anayeamkia. Mtu wa Lamu au Unguja hatashangaa kuona kijana akibusu mkono wa mzee, ila hatua ya paji la uso asiisahau. Desturi hii huonekana zaidi siku za sikukuu, yaani Ramazan Bayramı baada ya mfungo na Kurban Bayramı ya kuchinja, ambapo watoto hupita kwa jamaa na majirani na kupewa peremende au fedha. Haifanywi kwa mshirika wa biashara, hata akiwa na mvi.

Neno kwa kila hali

Waturuki wana maneno maalumu ya kusema karibu kwa kila jambo linalompata mwanadamu, na kuyajua machache humfungulia mgeni milango mingi kuliko sarufi yote ya Kituruki.

Wazungu husumbuka kuyafasiri, lakini Kiswahili kina jamaa yao wa karibu. Kolay gelsin, yaani "iwe rahisi", huambiwa mtu yeyote aliye kazini: mfagizi, karani wa benki, mpakia mizigo anayevuta mkokoteni Laleli. Ni "pole na kazi" yetu. Hayırlı olsun huambiwa aliyefungua duka au kupata kazi mpya. Eline sağlık, "afya kwa mkono wako", huambiwa aliyepika, naye hujibu afiyet olsun. Aliyetoka kunyoa au kuoga huambiwa sıhhatler olsun. Anayekaribishwa kwa hoş geldiniz hana budi kujibu hoş bulduk. Kunyamaza ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi.

Ila hapa ipo tahadhari. Kiswahili kina neno "pole" linalobeba kila kitu, kuanzia kujikwaa hadi kufiwa. Kituruki hugawanya. Geçmiş olsun, "yawe yamepita", ni la mgonjwa, aliyepata ajali, au hata aliyetoka kwenye mtihani mgumu. Kifo hakipiti, kwa hiyo mfiwa huambiwa başınız sağ olsun, "kichwa chako kiwe salama". Aliyezoea "pole" ya matumizi yote asichanganye haya mawili mbele ya jeneza.

Nyusi zilizoinuliwa

Pengine hakuna jambo linalowapotosha wageni kama namna Mturuki anavyosema "hapana". Mara nyingi hasemi neno. Huinua nyusi, huenda akarudisha kichwa nyuma kidogo, na huweza kutoa mlio mfupi wa ulimi, "cık".

Kwa wengi wetu kuinua nyusi ni kukubali, na mlio wa ulimi na meno ni jirani wa msonyo. Fikiria mfanyabiashara anayeuliza kama shehena yake itakuwa tayari Ijumaa. Muuzaji, simu sikioni na kalamu mkononi, anainua nyusi na kutoa "cık". Mgeni ama anaondoka akiamini ameahidiwa, ama anaondoka akiamini ametukanwa. Kwa kweli ameambiwa tu kwamba haiwezekani, na bila ubaya wowote. Dawa ni kuuliza tena kwa neno: evet ni ndiyo, hayır ni hapana, na yok ni hakuna.

Kutikisa kichwa kushoto na kulia nako huweza kumaanisha "sijaelewa" badala ya kukataa. Vidole vyote vitano vikikusanywa pamoja vikielekea juu, mkono ukachezeshwa, hiyo ni sifa: chakula ni kitamu, bidhaa ni nzuri.

Zipo ishara mbili za kuepukwa kabisa. Ya kwanza ni ngumi ambayo gumba limechomoza kati ya kidole cha shahada na cha kati. Ni tusi zito. Ya pili ni duara la gumba na shahada, ambalo Wamarekani hulitumia kusema mambo ni shwari. Aidha, kumwelekezea mtu nyayo za viatu na kupenga kamasi mbele ya watu mezani huhesabiwa kuwa ukosefu wa adabu.

Ndani ya nyumba

Mgeni asiyetarajiwa huitwa Tanrı misafiri, mgeni wa Mungu. Sisi tuna methali ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu. Waturuki, angalau kwa maneno, hawajamwekea tarehe.

Viatu huvuliwa mlangoni, na mwenyeji hutoa ndara za ndani ziitwazo terlik. Zikikataliwa, mwenyeji huona kama mgeni anataka kuugua kwa baridi ya sakafu ili lawama ziwe zake. Mara nyingi humiminiwa viganjani kolonya, marashi mepesi yenye harufu ya limau, ambayo mtu hujipaka mikononi. Aliyewahi kunyunyiziwa marashi ya waridi kwa mrashi katika maulidi ya pwani ataelewa mara moja. Hata katika mabasi ya masafa marefu mhudumu hupita na chupa yake, na katika mabasi hayo mwanamke anayesafiri peke yake kwa kawaida hauziwi kiti kando ya mwanamume asiyemjua.

Mgeni haendi mikono mitupu. Baklava, peremende za lokum au maua hutosha. Anayetoka kwetu akibeba kahawa ya Kilimanjaro au karafuu na mdalasini wa Zanzibar atakumbukwa zaidi. Mvinyo usipelekwe isipokuwa kwa mwenyeji ambaye anajulikana kuwa hunywa. Zawadi huenda ikawekwa kando bila kufunguliwa. Hiyo ni staha.

Mezani, kukataa mara ya kwanza huchukuliwa kuwa ni haya, hivyo sahani hujazwa tena. Aliyeshiba kweli huweka kiganja kifuani na kushukuru. Wali na mchuzi huliwa kwa kijiko na uma. Kula kwa mkono, ambako kwetu ni heshima yake, huko kutawashangaza watoto wa nyumba. Mkate ni jambo jingine kabisa. Hautupwi ovyo, haukanyagwi. Kipande kikionekana chini njiani, wapo wanaokiokota, wakakibusu, wakakigusisha kwenye paji la uso na kukiweka mahali pa juu ambapo ndege watakifikia.

Mgeni ataulizwa umri wake, kama ameoa au kuolewa, ana watoto wangapi, na wakati mwingine mshahara wake. Hakuna haja ya kukasirika. Mwenyeji anatafuta tu pa kumweka. Anayemsifu mtoto mchanga atangulize maşallah, neno ambalo Waswahili hawahitaji kufundishwa. Jicho la kioo cha buluu lililotundikwa mlangoni au kubandikwa nguoni kwa mtoto lina kazi hiyo hiyo ya kuzuia kijicho.

Chai isiyo na maziwa

Chai hutolewa katika bilauri ndogo iliyobonyea kiunoni, ikiwa nyeusi na ya moto. Anayeomba maziwa atatazamwa kwa huruma. Hupikwa katika mabirika mawili yaliyopandana, la juu likiwa na chai nzito na la chini maji ya moto, hivyo mgeni huulizwa kama anataka demli, nzito, au açık, nyepesi. Bilauri haina mkono, na hushikwa kwenye ukingo wa juu ili vidole visiungue.

Ikiisha, itajazwa tena, na tena. Anayetaka kusimamisha huduma hiyo huweka kijiko chake kwa ulalo juu ya mdomo wa bilauri. Ni kijiko kidogo, lakini husema kwa adabu kile ambacho mdomo ungekisema vibaya. Utamaduni huu wa chai, ambao Uturuki inaushiriki na Azerbaijan, uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2022. Kahawa yao ilitangulia mwaka 2013.

Kahawa nayo huchemshwa pamoja na unga wake, na sukari huamuliwa kabla ya kuchemshwa: sade bila sukari, orta ya wastani, şekerli tamu. Kuikoroga ikishafika ni kuichafua, na machicha ya chini hayanywewi. Maji yanayoletwa pamoja nayo hunywewa kwanza kusafisha kinywa. Waturuki husema kikombe kimoja cha kahawa kina kumbukumbu ya miaka arobaini, na wanamaanisha kuwa fadhila ndogo haisahauliki. Posa ikipelekwa, binti huwapikia wageni kahawa, na desturi humruhusu kuitia chumvi ile ya mchumba. Kijana huinywa bila kukunja uso.

Kwenye mkahawa, aliyealika ndiye anayelipa. Kuvutana juu ya hati ya malipo ni sehemu ya mchezo, na mgeni akubali kushindwa, kisha alipe zamu ijayo. Kugawana gharama kila mtu na yake huitwa Alman usulü, "mtindo wa Kijerumani", jina ambalo peke yake linaonyesha kuwa desturi hiyo imehesabiwa ni ya watu wengine.

Sokoni

Soko kuu la Istanbul, Kapalıçarşı, lilianzishwa baada ya Sultani Mehmed wa Pili kuuteka mji huo mwaka 1453, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa na mitaa zaidi ya 60 na maduka yapatayo 4,000. Huko bei hujadiliwa. Katika maduka makubwa na yenye bei zilizobandikwa haijadiliwi. Laleli na Merter ni suala la tatu: wengi huuza kwa jumla, na nguo hutoka kwa seri, fungu lenye saizi zote, kwa hiyo anayeomba kipande kimoja kimoja hupoteza muda wa wote wawili.

Kuketi na kunywa chai ya muuzaji hakumfungi mnunuzi kununua. Kutaja bei kunamfunga. Mtu akisema anatoa kiasi fulani, na muuzaji akakubali, kuondoka wakati huo ni kuvunja neno, na majirani wa duka watajua kabla hajafika mwisho wa kichochoro. Asiyetaka kununua asitaje bei kwa kujaribu tu.

Mauzo ya kwanza ya siku huitwa siftah, nayo yana uzito wake. Wauzaji wengine huidondosha noti ya kwanza chini au kuigusisha kwenye kidevu au paji la uso, wakiomba baraka. Mnunuzi wa asubuhi asione kuwa fedha yake imedharauliwa. Anaweza pia kupunguziwa kidogo ili siku ifunguke.

Ibada

Nchi hii ina Waislamu wengi, lakini dola si ya kidini. Msingi huo uliingizwa katika katiba mwaka 1937. Mgeni atakutana na anayesali vipindi vitano na jirani yake asiyefunga Ramadhani, na atakutana pia na Waalevi, ambao ibada zao ni tofauti. Kumuuliza mtu kwa nini hafungi ni utovu wa adabu, kama ilivyo kula barabarani kwa makusudi mbele ya waliofunga. Pombe huuzwa, ila tangu mwaka 2013 maduka hayaruhusiwi kuiuza kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Msikitini viatu huvuliwa, wanawake hufunika nywele, wanaume hawaingii na kaptura. Watalii hawaingii wakati wa sala, hasa Ijumaa mchana. Aya Sofia ilirejeshwa kuwa msikiti Julai 2020, na tangu Januari 2024 watalii wa kigeni hulipa kiingilio na kupelekwa ghorofa ya juu. Muislamu wa pwani yetu, ambaye aghalabu ni wa madhehebu ya Shafii, atagundua kuwa wenzake huko wengi ni Wahanafi: "amin" baada ya Fatiha husemwa kimoyomoyo. Asishangae sauti yake ikisikika peke yake.

Mambo ya dola

Hapa ndipo adabu inapokuwa sheria. Kumkashifu Mustafa Kemal Atatürk, mwasisi wa jamhuri, ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1951, na adhabu yake ni kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Picha yake imo kwenye kila noti. Kumtukana rais aliye madarakani ni kosa chini ya kifungu cha 299 cha sheria ya adhabu, na kifungo chake ni mwaka mmoja hadi minne. Maandishi ya kwenye mitandao ya jamii yamewafikisha wengi mahakamani kwa kosa hili, na mgeni asidhani kuwa utani wake wa simuni hauhesabiwi.

Kila tarehe 10 Novemba, saa tatu na dakika tano asubuhi, ving'ora hulia kukumbuka dakika aliyofariki Atatürk mwaka 1938. Magari husimama, watu hushuka na kusimama wima. Mgeni naye asimame. Bendera isikaliwe wala kutandikwa, kambi za jeshi zisipigwe picha, na masuala ya Wakurdi, Waarmenia na Kupro yaachiwe wenyeji.

Jambo la mwisho katika upande huu linawahusu Waafrika hasa. Nje ya miji mikubwa, mtu mweusi atatazamwa sana, ataombwa kupiga picha, na huenda akaitwa Arap, neno ambalo kwa mazungumzo ya mtaani hutumika kwa watu weusi. Wengi hulitamka bila chuki, jambo ambalo halimlazimu anayeitwa hivyo kulipenda. Kutaja jina lako kwa utulivu hutosha kuwarekebisha. Wachache wanajua kuwa nchi yao ina wananchi weusi wa enzi na enzi, hasa maeneo ya Izmir, wazao wa watumwa wa Dola ya Osmania. Hayati Mustafa Olpak, aliyeanzisha chama chao, alichapisha kitabu mwaka 2005 kuhusu ukoo wake uliotoka Kenya kupitia kisiwa cha Krete.

Harusi, msiba na kuagana

Anayealikwa harusini aandae fedha au sarafu ndogo ya dhahabu. Maharusi huvishwa utepe mwekundu na wageni huwabandikia zawadi hizo mmoja mmoja, mara nyingine mtangazaji akitaja nani ametoa nini. Ni kutunza kama kwetu, isipokuwa hapa hesabu huwekwa, kwa kuwa zawadi ya kiasi hicho hutarajiwa kurudi siku mtoaji atakapokuwa na harusi yake.

Msibani hupikwa halua ya unga au semolina, majirani hupeleka chakula kwa wafiwa, na siku ya arobaini husomwa mevlit. Mgeni aende, aseme neno lake moja, aketi kidogo na kuondoka.

Wakati wa kuagana, güle güle, "nenda ukicheka", husemwa na anayebaki tu. Anayeondoka husema hoşça kalın. Gari likianza kuondoka, huenda mama mwenye nyumba akamwaga kata ya maji barabarani nyuma yake. Anaomba safari iende na irudi laini kama maji, na dereva hana haja ya kusimama kuuliza kilichomwagika.